Kulungu Wawili wa Kamera ya Saba

Kuna sauti moja inayonisimamisha hata nikiwa na haraka. Ni sauti ya yale magongo mepesi ya plastiki ambayo watoto wa Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, huchezea uani, kati ya magorofa, yanapogongana: ka, ka, ka, kisha kimya, kisha ka. Juzi nilikuwa natoka Skärholmen na mifuko ya chakula, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikaisikia nyuma ya jengo. Watoto wawili walikuwa wakigombea kipira kimoja, na mimi, mtu mzima mwenye samaki wa barafu anayeyeyuka mfukoni, nikawa natazama masikio yao. Msinicheke. Ni mazoea niliyofundishwa nikiwa na miaka kumi: viumbe wawili wakigongana, usitazame pembe, tazama masikio.

Aliyenifundisha ni Anko Gaudensi. Hakuwa ndugu yetu wa damu, alikuwa mtani wa Baba. Baba ni Mngoni wa Songea na Anko alikuwa Mhehe wa Iringa. Kwa wasiojua, mababu wa pande hizo mbili walipigana vita vikali ambavyo hakuna aliyeshinda, na walipochoka kuzikana wakaamua kutukanana. Mpaka leo Mngoni na Mhehe wakikutana popote duniani wana ruhusa ya kuambiana lolote, na aliyekasirika ndiye mwenye makosa. Mtani anaweza kukuvua kofia kichwani akaondoka nayo. Mtani ndiye anayejua kukuzika vilevile, kwa maana kwenye msiba wako, wengine wakilia, yeye kazi yake ni kukutania ukiwa umelala pale mbele, watu wapate kupumua.

Anko aliishi peke yake Spånga. Alikuja Sweden kijana kusomea mambo ya wanyamapori, mafunzo yakaisha, yeye akabaki. Kila Jumamosi alipanda treni mpaka mjini, akabadilisha akashika metro mpaka kwetu, na hakupiga kengele hata siku moja. Alisimama nje ya mlango akauliza kwa sauti ya kusikika ghorofa zote saba, "Wala panya mpo?" Baba naye akajibu kutoka jikoni, "Fungeni mbwa! Mhehe kaja na njaa zake!" Hatukuwa na mbwa; ni ule utani wa kale kwamba Wahehe hula mbwa kama Wangoni wanavyokula panya. Basi hapo ndipo Jumamosi ilipoanza, na haikutulia mpaka Anko alipoondoka na jirani wa chini akapata raha.

Huyo jirani wa chini, bibi mmoja wa Kiswidi mwenye adabu sana, aliwahi kuita polisi. Walikuja wawili, vijana, wakawakuta Baba na Anko wamesimama kifua kwa kifua mbele ya jiko, Baba ameshika mwiko wa ugali, wanabishana ni babu wa nani aliyekimbia akaacha ngao yake mtoni. Mama aliwaambia polisi, "Vi skojar bara," tunataniana tu. Polisi mmoja aliutazama ule mwiko kwa muda mrefu. Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa mlango wa pili, naye alikwisha kutoka na kilemba chake cha usiku. "Eh, Baba Neema! Munapigana ao munacheza? Nilisha kushika simu niite pasteri!" Polisi waliondoka wakiwa hawajaamini, na Anko alicheka mpaka akakaa chini.

Nakumbuka vizuri alivyokaa chini. Siku hizo nilidhani ni kicheko tu.

Kazi ya Anko ilikuwa kutazama kulungu. Ofisi moja ya wanyamapori ilikuwa imefunga kamera za mitego kwenye miti ya msitu fulani kusini mwa mji, visanduku vya ukubwa wa mkate, na kila mnyama akipita kamera inaamka, inarekodi sekunde ishirini, inalala tena. Walitaka kujua madume wanacheza lini na wanapigana lini, na wapi, kwa sababu pale wanapopigana kwa kweli ndipo wanaporukia barabarani bila kutazama magari. Mtu lazima azitazame zile sekunde ishirini zote, maelfu yake, na aandike kilichotokea. Mtu huyo alikuwa Anko. Baba aliwaita wanyama wale swala. Anko alisema si swala, na wala si kulungu hasa, lakini kulungu ndilo jina lililo karibu, na kwamba Mngoni hawezi kujua tofauti kwa sababu kwao kila chenye miguu minne ni kitoweo.

Alikuja na kompyuta yake, na baada ya kula, Baba anaposinzia kwenye kochi, mimi nilikaa karibu naye mezani tukatazama. Sijui kama nitaweza kuwaeleza utamu wake. Picha zilikuwa kimya, au zilikuwa na sauti ya upepo tu na majani, halafu kutoka pembeni anaingia dume mwenye pembe pana kama viganja vya mikono, na mwingine nyuma yake, na wanainamisha vichwa, na pembe zinagongana. Mara ya kwanza nilifumba macho. Anko akanishika bega. "Usitazame pembe. Pembe ni kelele. Tazama masikio."

Masikio yakiwa mbele, ni mchezo. Masikio yakilala nyuma na manyoya ya shingo yakisimama, ni vita. Kwenye mchezo wanaunganisha pembe polepole, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Wanasukumana kidogo, halafu mmoja anainua kichwa, anajikuna, anakula majani mawili matatu, na mwenzake anamsubiri. Dume mkubwa akicheza na mdogo hujipunguza: anainama zaidi, hata anapiga goti, ili mdogo naye apate kusukuma. Na mchezo ukiisha hakuna anayefukuzwa. Vita ni kitu kingine. Kabla ya vita hakuna kelele. Wanatembea sambamba, wamekakamaa, kila mmoja anajifanya hamwoni mwenzake, hatua kwa hatua, na ukiwaona hivyo, alisema Anko, ujue mtu ataumia.

Tulikuwa na karatasi yenye mistari. Mchezo niliandika M, vita niliandika V. Nilijifunza haraka, na Anko alinisifu mbele ya Baba kwamba huyu mtoto ana macho, bila shaka ameyatoa kwa mama yake. Mimi nikavimba kichwa. Nikaanza kusoma masikio ya kila mtu: walimu shuleni, wanawake wa kwaya, Mama na Baba wakibishana habari za zamu. Nikawatazama Baba na Anko jikoni na nikaandika M moyoni mwangu kwa herufi kubwa. Nilijiona mwerevu kuliko polisi.

Mwishoni mwa Septemba mwaka huo Anko alianza kuchoka. Ndivyo alivyosema mwenyewe, amechoka tu, baridi imewahi. Jumatano moja alitoka msituni akapita kwetu, akaniachia kadi ya kumbukumbu ya kamera ya saba. Akaniomba niipitie peke yangu nikitoka shule, niandike, yeye atakuja Jumamosi kukagua. Hebu fikirini. Kamera nzima, mimi, darasa la nne. Nilinawa mikono kabla ya kuiweka ile kadi kwenye kompyuta.

Ilikuwa kadi nzuri. Madume wawili, mkubwa na mdogo, walikuja Jumatatu alasiri wakaunganisha pembe taratibu. Masikio mbele. M. Wakasukumana. M. Halafu wakasimama. Rekodi iliyofuata bado wamesimama, paji kwa paji, pumzi zao zikitoka kama moshi wa chai. Nikaona wanapumzika, nikaandika M. Walikuwa wapole ajabu. Hakuna aliyemkimbiza mwenzake, hakuna manyoya yaliyosimama. Kwenye moja yule mkubwa alipiga goti, na mimi, kwa furaha kabisa, nikaandika M nikaongeza pembeni kwa kalamu ya rangi: anajipunguza. Jumanne jioni walisogea nje ya picha, wakiteremka, na kadi ikaisha. M kumi na nne mfululizo. Nilizipigia mstari kwa rula.

Jumamosi Baba alikuwa kazini anaendesha basi, na Mama amelala baada ya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Anko aliingia kimyakimya kwa ajili ya Mama. Nikampa karatasi. Aliisoma akitabasamu, akafungua rekodi moja ya katikati ili afurahi pamoja nami. Tabasamu lilikaa usoni muda kidogo baada ya macho yake kubadilika. Akafungua nyingine, na nyingine, akatazama tarehe iliyo chini ya picha.

"Neema, hawa wamesimama hivi tangu Jumatatu?"

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama nilivyowajibu wakubwa wote siku hizo, kwamba nilidhani wanacheza.

"Walikuwa wanacheza," alisema. "Walianza kwa kucheza. Sasa wamenasana."

Alinionyesha. Tawi moja la pembe ya mdogo lilikuwa limepita ndani ya pembe ya mkubwa, likageuka, na lisingeweza kurudi. Masikio yalikuwa mbele kwa sababu hawakuwa na ugomvi. Walisimama kwa sababu wakivuta wanaumizana shingo. Na yule aliyepiga goti hakuwa akijipunguza kwa heshima ya mtu yeyote. Miguu ilikuwa imekwisha nguvu.

Tulimwachia Mama ujumbe mezani tukaondoka. Nakumbuka basi kutoka Skärholmen, jinsi kiti kilivyokuwa na joto, na mimi nazihesabu zile M kumi na nne. Anko hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alisema tu kwamba hata yeye Jumatano alichukua kadi pale akaondoka bila kutazama bondeni, hatua hamsini tu, kwa sababu alitaka kurudi kulala. Kisha akapiga simu kwa mwindaji wa zamu, mmoja wa wale ambao huitwa mnyama anapoumia, wakaelewana mahali.

Msitu ulikuwa na harufu ya majani yaliyooza na uyoga. Misonobari, halafu betula zenye gome jeupe, halafu kilima. Katikati ya kilima Anko alisimama. Nikadhani anasikiliza. Akatafuta jiwe kwa mkono, kama mtu asiyeona, akakaa, na nilipomtazama usoni jasho lilikuwa linamtiririka katika ubaridi ule na midomo yake imekuwa ya kijivu.

Alikaa mpaka pumzi ikarudi. Halafu akaniambia, taratibu, bila kucheka, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Nina moyo mbovu, Neema. Kuna mlango mmoja wa moyo haufungi. Daktari anataka kunipasua. Nimemwambia asubiri, niende Iringa kwanza nikamwone mama, maana nikifia mezani hajaniona hatanisamehe. Naogopa, mwanangu. Naogopa sana."

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nikamuuliza kama Baba anajua.

"Asijue. Akijua atanionea huruma. Na mtani akishakuonea huruma, hawezi tena kukutukana. Hapa Stockholm mimi nina nini kingine?" Akajikung'uta suruali. "Tuendelee. Tusiwacheleweshe tena wale."

Niliahidi. Tena, niwaambie ukweli, kuahidi hakukuwa kugumu. Nilikuwa nimekulia katikati ya utani na nilijua sheria zake kuliko sheria za shule. Huwezi kupeleka udhaifu wa upande mmoja kwa upande wa pili. Huo ni umbea, ni kuharibu mchezo. Ingekuwa ni kiongozi wa kanisa au mwalimu ameniambia ana moyo mbovu, ningekimbia kwa Mama siku ileile. Lakini lilikuwa jambo la Mhehe dhidi ya Mngoni, nami nikaliweka pale nilipoweka mambo yao yote.

Tuliwakuta bondeni. Mdogo alikuwa amekufa, siku moja au mbili. Mkubwa alikuwa hai, amesimama, kichwa chake kimefungwa chini kwenye kichwa cha mwenzake, na ardhi kuwazunguka ilikuwa imechimbwa duara tupu jeusi mahali alipokuwa akimburuta. Hakushtuka tulipofika. Mwindaji, mwanamke mwenye kofia nyekundu, alimzunguka mara moja, akamtazama macho na mbavu. Anko alimuuliza kama wangeweza kukata pembe. Alisema juzi labda, leo hapana. Juzi lile liliniingia likakaa. Anko alinivuta nyuma ya mwamba, akaniziba masikio kwa mikono yake miwili, na hata hivyo nilisikia.

Baba alipoambiwa jioni ile kwamba kulungu wawili wamekufa, alisema Mhehe kawatisha kwa sura yake. Anko akajibu kwamba walijinyima pumzi wakikwepa harufu ya Mngoni kutoka Bredäng. Wakacheka wote wawili. Mimi nikaenda chumbani.

Oktoba ikapita na Jumamosi zake. Lifti ya jengo letu iliharibika, na Anko alipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne akipumzika kila kona. Baba alisimama juu kabisa akimhesabia hatua kama refa. "Mhehe kazeeka! Mleteeni punda!" Nikiwa nyuma ya Baba niliona mkono wa Anko ulivyoshika reli ya ngazi. Alipofika alikuwa na jibu tayari, lakini jibu lilikuwa fupi kuliko zamani, na baada ya kulitoa alikaa. Zamani walipeana zamu, huyu anapiga, huyu anarudisha. Sasa Baba alipiga mara tatu ndipo Anko akarudisha mara moja. Mtoto aliyesifiwa kuwa na macho aliyaona yote hayo. Kila Jumamosi nilifungua mdomo, na kila Jumamosi nikakumbuka jiwe na ahadi, nikaufunga.

Jumamosi ya mwisho tulikula pilau. Anko alikuwa amekata tiketi ya kwenda nyumbani wiki mbili mbele. Katikati ya chakula aliweka kijiko chini akasema, "Mngoni, safari hii utanizika."

Baba hakuinua hata uso. "Nitakuzika kwa furaha. Nitashona suti mpya, na pilau yako nitakula sahani tatu."

Meza nzima ilicheka. Mama alicheka, halafu akakunja uso na kusema kama alivyopenda kusema, "Mzaha mzaha, hutumbua usaha." Mama Furaha, aliyekuwa amekuja kuazima sufuria, alicheka amesimama. Na mimi nilicheka. Nilikuwa na pilau mdomoni na nilicheka. Anko alinitazama mara moja tu, si kwa kunilaumu, alinitazama kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Alifariki Alhamisi iliyofuata, nyumbani kwake Spånga. Mfanyakazi mwenzake alimkuta kesho yake asubuhi, alipokosa kufika ofisini.

Mwili ulikuwa wa kusafirishwa Iringa, kwa mama yake, ambaye sasa angemwona. Kabla ya hapo tulikusanyika kumuaga kwenye ukumbi wa kanisa moja Skärholmen. Watanzania walikuja, Wakristo na Waislamu, Wakenya, Wakongo wa kwaya ya Mama Furaha, na Waswidi sita saba wa ofisini kwake waliovaa nguo nyeusi na kukaa mstari mmoja. Nilisikia wanawake nyuma yangu wakinong'ona kwamba moyo ulikuwa na tatizo tangu majira ya kuchipua, hospitali walimwandikia barua mara mbili, hakwenda. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mmoja. Sikugeuka. Niliona kana kwamba methali ile imeandikiwa mimi.

Kisha watu wakamtazama Baba, kwa sababu sasa ilikuwa zamu ya mtani. Alikuwa amevaa suti mpya. Alikwenda mbele akapiga jeneza kwa kiganja, mara mbili, kama anayebisha mlango.

"Mhehe! Kumbe unajua kunyamaza?"

Watu wakacheka kidogo, kwa shukrani. Waswidi wakatazamana.

"Umeona tiketi ya ndege ni ghali ukaamua kusafiri kama mzigo. Mmh. Wahehe kwa ubahili!" Wakacheka zaidi. Akaendelea, mbwa, pombe yao ya ulanzi, ile ngao iliyoachwa mtoni, na alikuwa hodari siku ile, kuliko Jumamosi yoyote, mpaka mzee mmoja wa Iringa akawa anajifuta machozi ya kicheko. Halafu Baba akaishiwa. Alisimama pale mkono uko juu ya jeneza, tukasubiri lifuatalo. Lilipokuja, lilikuja kwa sauti ndogo.

"Haya inuka basi. Nimekubali. Mlitupiga. Babu yangu ndiye aliyekimbia. Inuka."

Hakuna aliyecheka. Mama akaenda kumchukua.

Nilikua na jambo lile. Sikumwambia mtu, na kadiri nilivyokua ndivyo hesabu yake ilivyozidi kuwa mbaya, kwa sababu mtoto wa miaka kumi hajui kwamba Baba yake angeweza kumbeba Anko mgongoni mpaka hospitali, lakini msichana wa miaka kumi na sita anajua, na mwanamke wa ishirini na tano anajua vizuri zaidi. Mara mbili nilipewa viumbe niwatazame, na mara mbili niliona kila kitu nikaandika M. Nilichukia kusifiwa kwamba nina macho. Na Baba hakupata mtani mwingine. Wahehe wapo Stockholm, huwa anawasalimia kwa adabu, anawauliza habari za nyumbani, na wao hushangaa.

Mwaka jana Baba alistaafu. Nilimtembelea siku moja katikati ya wiki, mchana, nikamkuta jikoni anachambua maharage kwenye sinia, Mama yuko kazini. Nikakaa tukachambua wote. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu mikono ina kazi na macho yana mahali pa kukaa. Nikamwambia yote: kilima, jiwe, moyo, ahadi. Nikamwambia, Baba, mimi nilijua majuma matano kabla na sikukuambia, na ningekuambia angekuwa hai.

Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakiweka pembeni.

"Aliniambia mwenyewe," alisema.

Sikuelewa.

"Mara tatu. Mara ya kwanza simuni, akasema Mngoni, moyo wangu umegoma, nikamwambia Wahehe hawana moyo, wana jiwe. Mara ya pili kwenye ngazi. Mara ya tatu ulikuwepo, ile ya pilau. Nilimwona anavyoshika reli, Neema. Mimi ni dereva, kazi yangu kutazama. Kila aliposema nilijua anasema kweli. Nikaogopa nikinyamaza atajua kwamba nimejua, na hapo tutakuwa watu wawili tu wanaolia kwenye ngazi. Sikujua namna ya kumwuliza. Tangu tufahamiane hatukuwahi kuulizana kitu hivihivi."

Kwa hiyo tulikuwa tunajua sote, kila mmoja na lake. Miaka yote ile nilibeba siri ya kumficha mtu ambaye hakufichwa kitu. Ningependa kuwaambia kwamba nilijisikia mwepesi. Sikujisikia hivyo. Nilimtazama Baba, mkono umesimama juu ya sinia, nikaona kwamba mzigo wangu ulikuwa mdogo kuliko wake, na kwamba nilichokiita adhabu yangu, kule kukaa na mtu mzima kwenye kilima akanieleza ugonjwa wake kwa maneno ya kawaida, Baba hakukipata. Yeye aliachiwa mizaha mitatu na majibu yake mwenyewe.

"Wewe alikuambiaje?" aliuliza. "Alikuwa anacheka?"

Nikasema hapana, hakucheka.

"Alisemaje?"

Nikamwambia. Nilikuwa nayo neno kwa neno: moyo mbovu, mlango usiofunga, daktari, mama yake Iringa. Nilipofika kwenye kuogopa sikuruka neno, nikayamaliza yote. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, kama watu wanavyosikiliza barua ikisomwa.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.